Mbwa wa Kuvuta katika Nyanda za Juu za Gusii

Katika nchi za kaskazini ya mbali, kuanzia Siberia hadi Alaska na Greenland, mbwa ni mnyama wa kazi, naye amevuta sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji na barafu, kwa muda mrefu kuliko farasi alivyovuta mkokoteni. Mabaki ya mbwa na ya sleji yaliyofukuliwa katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, ni ya yapata miaka 9,500 iliyopita. Kwa msomaji wa Kisii au Nyamira, ambaye anaishi chini ya digrii moja kusini mwa ikweta na ambaye mbwa wake hulinda boma usiku na kulala kivulini mchana, jambo hilo laweza kuonekana kuwa la watu wengine kabisa. Hata hivyo, mchezo wa mbwa wa kuvuta umekwisha kutoka kwenye theluji na kuingia kwenye barabara za udongo, ambako mbwa huvuta kigari cha magurudumu, baiskeli, au mtu anayekimbia kwa miguu yake mwenyewe. Ukiangaliwa kwa makini, huonekana kwamba unahitaji vitu vitatu tu, navyo ni mbwa mwenye hamu ya kuvuta, mikanda inayomkaa vizuri mwilini, na hewa yenye ubaridi wa kutosha. Kati ya hivyo, ni ubaridi peke yake ambao Gusii inaupata kwa kipimo.

Mbwa wanaoitwa wa kaskazini ni wa jamii kadhaa zilizozalishwa na watu wa maeneo ya baridi kali. Haski wa Siberia alitoka kwa Wachukchi wa pembe ya mashariki ya Siberia, naye ni mbwa wa wastani, mwenye uzito wa kilo 16 hadi 27, aliyekusudiwa kuvuta mzigo mwepesi kwa mwendo mrefu. Malamuti wa Alaska ni mkubwa zaidi, hufikia kilo 38 au kupita, na kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo mizito polepole. Samoyedi, mbwa mweupe mwenye manyoya mengi, aliwasaidia wafugaji wa kulungu wa kaskazini mwa Urusi. Wote wana manyoya ya tabaka mbili: la ndani ni laini na zito kama sufu, nalo hushika hewa inayokinga mwili, la nje ni la nywele ndefu na ngumu zinazozuia theluji na maji. Kwa vazi hilo haski huweza kulala nje katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, akijikunja na kufunika pua yake kwa mkia.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo ni la maana sana kwa mada hii, ni kwamba mbwa wanaoshinda mashindano makubwa ya sleji siku hizi aghalabu si wa jamii yoyote kati ya hizo zilizotajwa. Ni machotara. Haski wa Alaska, ambaye ndiye anayetawala mashindano ya masafa marefu, si jamii iliyosajiliwa kwa sura wala rangi, bali ni mchanganyiko wa mbwa wa vijiji vya Alaska na mbwa wengine wa mbio, wanaochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa miguu yao, kwa hamu yao ya kula na kwa utayari wao wa kuvuta. Katika mbio fupi za Ulaya, mbwa hao wamechanganywa tena na mbwa wa kuwindia wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, na matokeo yake ni mbwa ambaye mtu asiyemjua angemdhania kuwa mbwa wa kawaida wa mtaani. Macho ya buluu na uso wa mbwa mwitu, ambavyo ndivyo vinavyowavutia wanunuzi wa haski mjini Nairobi, havina uhusiano wowote na uwezo wa kuvuta.

Sifa ya mbwa wa sleji ilienea duniani mwezi wa Januari mwaka 1925, wakati mji wa Nome, Alaska, ulipovamiwa na dondakoo, ugonjwa ambao leo watoto wa Kenya huchanjwa dhidi yake wakingali wachanga. Bandari ilikuwa imeganda na ndege hazikuweza kutegemewa, kwa hiyo dawa ilipokezanwa na waendeshaji wapatao 20 na mbwa wapatao 150 kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, ikafika kwa muda wa siku tano na nusu. Balto, mbwa aliyeongoza kundi la mwisho lililoingia mjini, ndiye aliyejengewa sanamu jijini New York, lakini sehemu ndefu na ya hatari zaidi iliendeshwa na Leonhard Seppala akiongozwa na mbwa wake Togo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12, umri ambao mbwa wengi huwa wamekwisha kustaafu. Tangu mwaka 1973 mashindano ya Iditarod hufanyika kila mwaka kati ya Anchorage na Nome, mwendo wa kilomita 1,600 hivi, na makundi bora huumaliza kwa muda usiozidi siku tisa au kumi.

Mambo haya yote hutendeka katika baridi, na sababu yake iko ndani ya mwili wa mbwa. Msuli unapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu yake huwa mwendo, na sehemu kubwa hugeuka kuwa joto ambalo lazima litoke mwilini. Binadamu hulitoa kwa jasho la mwili mzima, ndiyo maana mkimbiaji wa miguu anaweza kustahimili jua la mchana kuliko wanyama wengi. Mbwa hatoi jasho isipokuwa kidogo sana kwenye nyayo. Yeye hutegemea kuhema, ulimi ukiwa nje, ili unyevu wa kinywa na pua ukauke na kuchukua joto. Njia hiyo hufanya kazi vizuri hewa inapokuwa baridi na kavu, lakini hupungua nguvu hewa inapokuwa na unyevu mwingi, kwa kuwa maji hayakauki upesi ndani ya hewa iliyokwisha kujaa maji. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Akivuta kwa bidii hupanda kupita 40. Akipita 41 huwa katika hatari, na akiendelea kusukumwa viungo vyake vya ndani huharibika naye anaweza kufa siku hiyo hiyo. Dalili zake ni ulimi unaopanuka na kuning'inia, ufizi unaoiva wekundu mzito, mate ya kunata, kuyumba na kutapika. Mbwa wa namna hiyo husimamishwa papo hapo, hupelekwa kivulini, humwagiwa maji ya kawaida mwili mzima huku akipepewa, na hupelekwa kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana kupata nafuu.

Kwa sababu hiyo waendeshaji wengi wa Ulaya na Marekani hawafunzi mbwa hewa inapopita nyuzi 15 hivi, na hushusha kipimo hicho zaidi siku za unyevu. Hapa ndipo jiografia ya Gusii inapoingia. Mji wa Kisii uko katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na miinuko ya Nyamira, kama vile vilima vya Kiabonyoru, hupita hapo. Mchana joto hufika nyuzi 25 au zaidi kidogo, jambo ambalo linaufuta kabisa mchana katika ratiba ya mbwa wa kuvuta. Alfajiri ni habari nyingine, kwani kabla ya jua kuchomoza hewa ya miinuko hiyo hushuka mara nyingi hadi nyuzi 14 au chini yake, wakati wachumaji wa chai wakiwa bado hawajaingia mashambani. Hata hivyo, nchi hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na umande wa asubuhi humaanisha unyevu mwingi hewani, kwa hiyo saa moja ya baridi ya Nyamira haifanani na saa moja ya baridi kavu ya Alaska. Mwenye busara ataihesabu alfajiri ya Gusii kuwa nafasi ya dakika 20 au 30 za kazi, naye hatairefusha kwa sababu mbwa anaonekana bado ana hamu, kwa maana mbwa mwenye moyo wa kuvuta hajui kujisimamisha.

Kwamba mchezo huu unaweza kuishi katika nchi ya joto si dhana tupu. Mwaka 2005 Danny Melville, mfanyabiashara wa Jamaika, alianzisha timu ya mbwa wa kuvuta katika kisiwa hicho kisichojua theluji, akitumia vigari vya magurudumu na mbwa waliookolewa mitaani na kutunzwa na shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwendeshaji wake, Newton Marshall, alikwenda kujifunza kaskazini, akamaliza mashindano ya Yukon Quest mwaka 2009 na Iditarod mwaka 2010. Jambo la kuzingatia ni kwamba mbwa wa Jamaika hawakupelekwa kwenye theluji: walibaki kwao wakivuta vigari, na Marshall alishindana kwa mbwa wa kaskazini waliozaliwa kwa baridi hiyo. Maarifa ndiyo yaliyovuka bahari. Mpango huo ulikuwa wa haki kwa pande zote mbili, nao unapaswa kufuatwa kwa mwelekeo wa kinyume, yaani mtu wa Kisii anayependa mchezo huu ana sababu nyingi za kuanza na mbwa wa kienyeji, yule ambaye Abagusii humwita esese, kabla ya kufikiria kumtoa haski Nairobi na kumfungia kwenye kibanda cha mabati ambacho saa saba mchana huwa tanuri.

Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi, mwili mwembamba wenye kilo 15 hadi 20, na miguu mirefu inayopoteza joto kwa urahisi. Kinachompungukia aghalabu si damu bali ni chakula na dawa ya minyoo. Mbwa anayekula makombo ya ugali peke yake hana nguvu ya kuvuta wala haifai aombwe kuvuta. Mbwa wa kaskazini huendeshwa kwa mafuta ya wanyama na samaki, na katika mashindano marefu mmoja wao huweza kuhitaji hadi kalori 10,000 kwa siku, mara tano ya mahitaji ya mtu mzima wa kawaida. Mbwa wa mazoezi mepesi ya Gusii hahitaji hata robo ya kiasi hicho, lakini anahitaji aina ileile ya chakula, na kwa bahati njema omena wa Ziwa Viktoria hufika kila siku katika masoko ya Kisii na Keroka, na vichinjio vina matumbo na mafuta ambayo hupatikana kwa bei ndogo, yakipikwa vizuri ili yasilete minyoo ya tegu. Maji hupewa kabla ya kazi, tena mengi, na hapewi chakula kizito saa chache kabla ya kukimbia kwa sababu tumbo lililojaa huweza kujipinda.

Mafunzo yenyewe huanza mapema na huenda polepole. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu au minne huvalishwa mikanda kwa dakika chache ndani ya boma, acheze nayo na kuisahau. Baadaye hufungiwa kijiti chepesi kinachoburutika nyuma yake, ili azoee sauti na uzito mdogo unaomfuata bila kumtisha. Hapewi mzigo wa kweli kabla ya kutimiza mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado ni gegedu laini, na uzito wa mapema humwachia kilema cha maisha. Wakati huo hukimbizwa bila mzigo, afahamishwe njia, na afundishwe kuvumilia kuku, mbuzi na pikipiki.

Wakulima wa Gusii hawatashangazwa na utaratibu huo, kwa maana ndio unaotumika kumzoesha maksai, yaani dume la ng'ombe lililohasiwa, katika sehemu ambako plau bado inatumika, hasa Borabu, ambako mashamba yaliyogawanywa katika miaka ya 1960 ni makubwa kuliko ya kwingineko. Maksai mchanga huvalishwa nira pamoja na mzee aliyekwisha kuijua kazi, huburuta gogo jepesi kabla ya plau, na hufundishwa kugeuka na kusimama kwa sauti ya mtu mmoja. Mbwa wa kaskazini hufundishwa vivyo hivyo kando ya mbwa mzee. Tofauti kubwa ni kwamba maksai husukumwa kutoka nyuma au kuongozwa kutoka mbele, na kiboko hakikosekani, ilhali mbwa wa kuvuta hana hatamu wala mjeledi wa kumgeuza. Huenda kwa neno tu. Mbwa aliyepigwa ili avute hulala chini, na siku hiyo mwalimu amepoteza kazi ya wiki nyingi.

Maneno ya kuamuru ni machache: moja la kuondoka, moja la kusimama, mawili ya pande mbili, na moja la kupita jambo linalomvutia bila kulijali. Wale watakaotumia Kiswahili watafanya vizuri kuchagua "twende", "simama" na "pita", na kufupisha "kulia" na "kushoto" kuwa "lia" na "shoto", kwa sababu mbwa hushika mwanzo wa neno kuliko mwisho, na maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja humchanganya penye njia panda. Neno la upande husemwa hatua chache kabla ya kona, na mbwa akigeuka sawasawa husifiwa palepale. Katika kundi, mbwa wawili wa mbele ndio viongozi wanaosikiliza. Walio nyuma kabisa, karibu na kigari, huwa wenye nguvu na utulivu kwa kuwa ndio wanaopokea mshtuko wa kwanza wa mzigo. Anayeanza hana haja ya kundi. Mbwa mmoja anayeelewa maneno matano anatosha kwa mwaka wa kwanza.

Mikanda ya kuvutia ndiyo kifaa kisichofaa kubahatishwa. Ukosi wa shingoni hukaba koo, na mbwa anayevuta kwa koo hawezi kuhema, na kama ilivyoelezwa, mbwa asiyeweza kuhema hana njia ya kupoa. Mikanda sahihi huuweka uzito wote kwenye mfupa wa kifua na mabega, ikapishana mgongoni na kuishia karibu na mkia ambako kamba hufungwa. Fundi viatu wa soko lolote la Kisii anaweza kuishona kwa utepe wa nailoni wa mabegi na kuitandikia sponji, mradi mbwa apelekwe apimwe mwenyewe shingo na kifua, na mikanda ikaguliwe kila baada ya kazi ili kuona palipochubua ngozi.

Kati ya michezo yote ya namna hii, unaofaa zaidi kwa Kisii na Nyamira ni ule uitwao kanikrosi, uliozuka Ulaya kutokana na waendeshaji waliotaka kuwafanyisha mbwa wao mazoezi nje ya msimu wa theluji. Mkimbiaji hufunga mkanda mpana kiunoni, na kamba yenye kunyumbuka ya mita 2 hivi humuunganisha na mbwa anayevuta mbele yake. Kigari na baiskeli vina hatari kubwa katika nchi ya miteremko kama hii, kwa kuwa vinaposhuka kilima bila breki imara humkumba mbwa kwa nyuma. Miguu ya mtu haina hatari hiyo, ingawa hata mkimbiaji hufundisha mbwa wake kurudi kando yake penye mteremko mkali. Isitoshe, hii ni nchi ya wakimbiaji. Nyandika Maiyoro aliwakilisha Kenya katika mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956 na kumaliza wa saba. Naftali Temu aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Na Yobes Ondieki alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo kwa muda chini ya dakika 27, huko Oslo mwaka 1993. Ratiba ya mwanariadha wa mlimani, ya kuamka gizani, kujenga kilomita za polepole kwa miezi kabla ya kasi, na kuheshimu siku ya mapumziko, ndiyo hasa ratiba ya mbwa wa kuvuta, na kijana anayeifuata kwa ajili yake mwenyewe atakuwa amekwisha kuijua nusu ya kazi ya kumfunza mbwa wake.

Yapo masharti yasiyohusu mazoezi ambayo hayawezi kuachwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na wakazi 957 katika kila kilomita moja ya mraba na Nyamira 675, kwa hiyo hakuna njia isiyo na watoto wa shule, na mbwa anayekimbia hadharani ni lazima awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka na awe amefungwa kamba wakati wote. Kenya ina mpango ulioanza mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, nao unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kila mbwa wa michezo anayechanjwa huongeza hesabu hiyo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, hufanya kuwa kosa kumwendesha mnyama kupita kiasi au kumbebesha mzigo unaomzidi, nayo haimbagui mbwa na punda.

Kuhusu kalenda, kaskazini mazoezi huanza mwezi wa Agosti au Septemba na kuishia majira ya kuchipua. Gusii ina mpangilio wake. Januari na Februari huwa na jua kali zaidi, na kazi hupunguzwa kuwa matembezi na masomo ya maneno. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huleta tope na vijiwe vinavyonasa kati ya vidole, hivyo nyayo hukaguliwa na kukaushwa kila asubuhi, na mbwa mwenye mpasuko hupumzishwa hadi upone. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yenye ubaridi mwingi, na katika hiyo mbwa aliyejengwa polepole tangu mwanzo wa mwaka anaweza kuongezwa kutoka kilomita 2 hadi 4 au 5 kwa siku tatu za wiki, kipimajoto kikisomwa kabla ya kumvalisha mikanda.